Visubi Katika Kizimba cha Askofu

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwanza kwa mwandiko wangu, maana mkono wangu wa siku hizi hautulii, na niwie radhi pili kwa jambo lenyewe, ambalo wasomaji wako wenye ndoa zinazovunjika na watoto waliopotea wataliona kuwa ni upuuzi wa mzee asiye na kazi. Lakini nimekusoma katika gazeti hili kwa miaka mingi, nikimsomea marehemu mke wangu ukurasa wako kwa sauti huku yeye anashona, naye alikuwa na desturi ya kujibu kabla sijafika kwenye jibu lako, na mara nyingi majibu yenu yalifanana. Ndiyo sababu leo, nilipokosa mtu nyumbani wa kuniambia ukweli, nimekukimbilia wewe.

Niseme mapema usije ukadhani nakuzungusha. Naomba kufundishwa namna ya kuwaondoa wadudu wadogo warukao ndani ya kizimba cha kobe, pasipo kuugusa udongo wa kizimba hicho. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wote niliowauliza, na sababu yake nitaieleza huko chini nikipata ujasiri.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne. Nilisomeshwa na wamisionari, na baadaye nikafanya kazi katika kiwanda chao cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja nikiwa msahihishaji, yaani nilisoma nakala za majaribio za vitabu vya nyimbo na vya shule, nikatia wino mwekundu penye kosa. Mke wangu alikuwa fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za wanafunzi. Kobe huyu mke wangu aliachiwa na mteja wake aliyehama na familia yake, akamleta ndani ya beseni la kufulia akisema, "Mama, nitunzie siku mbili tatu tu," na siku hizo mbili tatu sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Mke wangu alimwita Askofu kwa sababu, alisema, hakuna kiumbe mwingine anayetembea kana kwamba nyuma yake kuna maandamano. Niliona ni kumvunjia heshima Baba Askofu wa kweli, nikamwambia hivyo, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Basi wewe mwite Shemasi, tuone kama atageuka." Sikuthubutu kujaribu.

Kizimba nilikijenga mimi kwa mbao za kabati kuukuu, urefu wake ni wa kitanda cha mtu mmoja, nacho kipo chini ya dirisha la chumba cha nyuma, kilichokuwa chumba chake cha kushonea, maana ua wetu ni saruji tupu na mbwa wa majirani hawana dini. Ndani mna udongo wa kina cha shibiri moja, bakuli la maji, jiwe bapa la kulalia chini ya taa ya joto, na katika pembe kuna kibanda cha ubao ambamo Askofu hulala. Kila baada ya miezi mitatu mke wangu alikuwa akiutoa udongo wote, akiumwaga kwenye vyungu vyake vya maua, akizisugua mbao, akitia udongo mwingine mkavu, kisha akiusawazisha kwa mkono kama anayemtandikia mgeni shuka. Kazi yangu ilikuwa kumpakata Askofu mpaka mwisho wa shughuli. Sikuwahi kuuliza kwa nini inafanyika.

Jumamosi moja, miezi kumi na mmoja iliyopita, alibadilisha udongo kama kawaida yake. Jumatatu alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya pumzi iliyokuwa ikimkatika akipanda ngazi. Alhamisi nilirudi nyumbani na mfuko wa nguo zake. Sikuandikii ili nikulize, Mshauri, maana hilo silo swali langu.

Wadudu walianza miezi mitano iliyopita. Nitawaita visubi, ingawa hawaumi. Wa kwanza alitua juu ya gazeti nikamdhania nukta, na mtu aliyefanya kazi niliyoifanya haachi nukta isiyo mahali pake, basi nikaigusa kwa ncha ya kalamu, ikaruka. Siku chache baadaye walikuwa kumi, kisha sikuweza tena kuwahesabu, wakawa wananyanyuka kutoka kwenye udongo kila nilipomwekea Askofu majani yake, kama vumbi lenye nia, na sasa wamo ndani ya chai, wamo katika kitabu cha sala, wamekauka katikati ya kurasa kama herufi za lugha nisiyoijua, na nikifumbua kinywa kumwita Askofu huwa nakifumba na mmoja wao ndani. Jirani yangu, fundi bomba, aliyekuja kutazama sinki linalovuja, alisimama mlangoni akipunga mkono mbele ya uso wake kama anayeagana na meli.

"Mzee," akasema, "hawa umewafuga wewe, au wamekufuga wao?"

Nilimwomba radhi. Akacheka, lakini nilitambua kwamba hakunywa maji niliyompa.

Nimejaribu mengi. Niliweka visahani vya siki yenye tone la sabuni, nikakuta asubuhi wamezama wengi, nikamshukuru Mungu, na adhuhuri wakawa wale wale. Nilitundika majani ya mwarobaini. Nilifunika kizimba kwa chandarua, nikagundua kwamba nimewafungia wao ndani pamoja na Askofu, naye akawa ananitazama kupitia vitundu kama mfungwa anayemtazama askari wa gereza. Nilikwenda kwa daktari wa mifugo aliye karibu nasi, kijana mstaarabu, akanisikiliza kisha akasema, "Baba, mimi ni mtu wa ng'ombe na kuku, na huyu wako ni jiwe lenye miguu, lakini hata mimi najua: mwaga udongo wote." Dada anayeuza mbegu na dawa za mimea akaniambia maneno hayo hayo, "Babu, tatizo si wadudu, ni udongo. Mwaga." Nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza, "Una dhahabu humo?" Nikamwomba radhi na kuondoka.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Binti yetu, ambaye ni mwanetu wa pekee, alikuja wiki iliyopita na mtoto wake wa miezi minne, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye bibi yake hakubahatika kumwona. Alimlaza kwenye kochi sebuleni akaenda jikoni, na aliporudi alimkuta kisubi mmoja pembeni mwa jicho la mtoto na mwingine kwenye tundu la pua. Sijawahi kumwona binti yangu vile. Alimnyakua mwanawe, akasimama katikati ya chumba, akasema:

"Baba, hii si nyumba tena. Hili ni jalala lenye mapazia."

"Mwanangu, nisamehe, nitawashughulikia."

"Umesema hivyo tangu nilipokuwa na mimba! Sasa chagua. Ama wadudu watoke, ama Askofu atoke. Simleti mtoto wangu hapa kulishwa nzi."

"Askofu ni wa mama yako."

"Mama hayupo, Baba," akasema, na hapo hapo akajutia kauli yake, nilimwona, lakini neno likishatoka halirudi, akachukua mkoba akaondoka, na chai yake ikabaki mezani.

Kwa hiyo siku ya pili yake nilinunua kopo la dawa ya kuulia mbu na mende, nikafunga dirisha, nikapuliza juu ya kizimba chote. Nilidhani gamba lingemkinga. Visubi walianguka kama mvua nyeusi, nikasimama pale nikiwa na furaha mbaya ambayo sijui niieleze vipi. Nilipofungua dirisha Askofu alikuwa amejivuta ndani, kichwa na miguu, na hakutoka siku nzima; kesho yake alitoka na macho yaliyovimba na povu dogo puani linalopanda na kushuka anapopumua. Leo ni siku ya saba hajala kitu. Visubi walirudi wote siku ya nne. Binti yangu alipopiga simu kuuliza hali, nilisema, "Askofu hajambo, anakula vizuri," na huo, Mshauri, ni uongo wa kwanza ninaoukumbuka kumwambia mwanangu tangu alipokuwa na umri wa kuelewa. Akanijibu kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu atakuja na mumewe wamchukue, wampeleke mahali wanapotunza wanyama wasio na wenyewe. Wasio na wenyewe.

Sasa sababu. Naomba usinicheke, au ukicheka, ucheke kabla ya kunijibu.

Wiki moja baada ya mazishi niliinama kumsafishia Askofu kibanda chake, nikakuta ndani, juu ya udongo, alama ya kiganja cha mke wangu. Kamili, vidole vitano, maana tangu Jumamosi ile Askofu alikuwa akilala juu ya jiwe lake. Alikuwa ameubonyeza udongo huo ili usimame vizuri pembeni, na kidole cha kati kilikuwa na duara ndogo nchani, kwa sababu alikuwa ametoka kupinda suruali za watoto na hakuvua subana, ule mfuniko wa chuma ambao mafundi huvaa wasichomwe na sindano. Nina picha zake, Mshauri, nina nguo zake, nina sauti yake katika simu moja iliyovunjika kioo. Lakini hakuna kati ya hivyo kilichokuwa na uzito wake. Ule udongo ulikuwa umeshuka chini kwa sababu yeye aliuegemea.

Niliziba mlango wa kibanda kwa kipande cha ubao ili Askofu asikanyage. Kisha nikaona kingo zinaanza kumomonyoka, basi nikachukua chupa yake ya kunyunyizia, ile aliyokuwa akitumia kulowanisha nguo wakati wa kupiga pasi, nikawa nanyunyiza asubuhi na jioni, humo ndani na kuzunguka pande zote, ili udongo usipasuke. Nimefanya hivyo kwa miezi kumi na mmoja na sijaruka siku. Hata hivyo kidole gumba kilianza kupotea, na siku moja, Mungu anisamehe, nilichukua kijiko cha chai nikakirudishia ukingo wake kwa mpini. Nilijiambia nasahihisha tu.

Sijamwonyesha mtu yeyote, hata binti yangu. Nilihofu atasema nimerukwa na akili, na nilihofu zaidi kwamba atataka kuigusa.

Jana niliinama na tochi kutazama, nikaona ndani ya kiganja kile, palipo na unyevu zaidi, funza wembamba weupe kama nyuzi, wenye vichwa vyeusi, wanatembea kutoka kidole hadi kidole. Nilikaa chini sakafuni. Ndipo nikaamua kukuandikia.

Basi swali langu ni hili tu, nami naomba radhi kwa urefu wa njia niliyopita kulifikia: je, ipo dawa ya kuua visubi na funza wao isiyohitaji udongo kuondolewa, na isiyomdhuru kobe zaidi ya nilivyomdhuru? Na kama haipo, nimjibu nini binti yangu Jumamosi?

Ni mimi mtumishi wako, nikitanguliza shukrani na haya,

Msahihishaji Mstaafu

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Sikucheka. Lakini nimekasirika, na kwa kuwa umeomba ukweli, utaupata wote kwa mkupuo, maana kobe asiyekula kwa siku saba hana nafasi ya kusubiri adabu zetu. Barua yako nimeipitisha mbele ya wale wenye ndoa. Wataniwia radhi.

Dawa unayoitafuta haipo. Nilimuuliza mtaalamu anayetibu kobe na nyoka, naye alinieleza hivi: visubi wako wanazaliwa ndani ya udongo uliolowa. Funza wale weupe wenye vichwa vyeusi ndio watoto wao, na wanakula ukungu na mabaki yanayooza. Siki yako iliwanasa nzi wa matunda waliokuja kwa ajili ya mabaki ya majani. Hawa wa udongo siki haiwasumbui. Mdudu mzima anaishi wiki moja tu, mzee wangu. Moja! Ungeuacha udongo ukakauka, wangekwisha wenyewe. Kila asubuhi na kila jioni, kwa chupa ya pasi, ni wewe uliyekuwa ukiwanywesha. Fundi bomba wako alikuuliza swali zuri kuliko alivyojua.

Na kopo lile litupe leo. Kobe anapumua kama mimi na wewe, gamba si mlango wa kufunga. Povu puani na macho kuvimba ni ugonjwa wa kifua, na huenda alikuwa nao hata kabla hujampulizia, kwa maana umemlaza kwenye unyevu miezi kumi na mmoja baada ya kumfungia nyumba yake kwa ubao. Mgeuze taratibu umtazame tumboni. Ukiona madoa laini au yanayonuka, gamba limeanza kuoza. Ukimaliza kusoma hapa, mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake kwa robo saa, ukiwa umekaa naye, mkaushe, mlaze kwenye sanduku lenye magazeti makavu chini ya taa yake. Hata ukurasa huu unafaa. Namba ya mtaalamu nimeikabidhi kwa wahariri, watakupigia leo, na kesho asubuhi umpeleke. Sikuahidi kwamba atapona. Ameniambia wengine hupona na wengine wamekwisha chelewa, na kwa kumtazama tu huwezi kujua yupi ni yupi.

Udongo wote utatoka. Mbao zisuguliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani siku mbili. Udongo mpya uwe mkavu, ulowane sehemu ya chini tu kama mtaalamu akisema, na juu pabaki pakavu. Majani asiyoyamaliza yaondolewe saa hiyo hiyo, na kinyesi kila siku. Wale wanaoruka watundikie karatasi ya manjano yenye gundi karibu na dirisha, mbali na kizimba asije akaiuma. Baada ya wiki tatu mjukuu wako ataweza kulala kwenye kochi lako bila kisubi jichoni.

Hayo ni ya wadudu. Sasa ya kiganja, maana ndicho ulichoniandikia.

Umenieleza mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba mkeo alibadilisha udongo kila miezi mitatu. Hesabu basi. Kwa miaka kumi na tisa, mara nne kila mwaka, mama yule aliacha kiganja chake pale pembeni, na mara nne kila mwaka alikifuta na kukimwaga kwenye vyungu vya maua, nawe umekaa hapo hapo umempakata kobe, na hakuna aliyelia. Hakuwa anakuachia wewe barua. Alikuwa anamtandikia mnyama wake. Wewe umelichukua tandiko la mnyama ukaligeuza kaburi, kisha ukamfukuza mwenye tandiko alale kwenye matope. Ukurasa huu ulipokuwa ukisomwa nyumbani kwako, yeye alijibu kabla yangu. Hebu niambie, kwa barua hii ya leo angejibu nini?

Tena, pale pana mkono wa nani sasa? Gumba ni la kijiko chako cha chai. Kingo ni za chupa ya pasi. Nafasi katikati ya vidole wanapita funza. Ulikuwa msahihishaji, mzee wangu, unajua vizuri kuliko mimi kwamba nakala ikisahihishwa mara nyingi mno huwa si ya mwandishi tena.

Lakini kosa lako kubwa silo hilo, wala si kopo. Umesema binti yenu ni wa pekee. Alifiwa na mama yake akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Miezi kumi na mmoja umekuwa na mkono wa mama yake ndani ya nyumba, na ukamfungia nje kwa ubao, kama ulivyomfungia kobe. Akaja, akaona nzi tu, akaona baba anayewapenda nzi kuliko mjukuu. Ulitaka aone nini kingine? Neno alilokutupia ni zito, nakubali. Lilitoka kwa mtu anayeambiwa "ni wa mama yako" na asionyeshwe kitu.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Mpigie leo. Anza na uongo, umwambie: mwanangu, Askofu haendelei vizuri na nimemdhuru mimi. Atapiga kelele, mwache apige, amerithi kwa mtu. Akimaliza mwambie aje, mtoto amwache kwa baba yake. Mpe tochi. Ondoa ubao. Akitaka kukigusa kiganja, akiguse. Akikiharibu, kimeharibika mikononi mwa mwenye haki, maana hata hicho kidole cha subana alishonewa sare nacho kabla wewe hujakifanya kuwa chako peke yako.

Kisha shika koleo, yeye ashike gunia, na udongo ule upelekwe ulikokuwa ukipelekwa siku zote, kwenye vyungu vya maua. Najua vimekauka. Hukuviandika, lakini mwanamume anayenyunyizia kiganja mara mbili kwa siku hakumbuki vyungu.

Udongo mpya usiutie kwa koleo. Utie kwa mkono, na ukifika kwenye kibanda, ubonyeze vizuri pembeni ili usimame. Kama Askofu atapona, atakuja kulala juu yake usiku huo huo na kukanyaga alama yako bila kuuliza, na baada ya miezi mitatu utaumwaga na kuanza upya. Kama hatapona, utakuwa umemtandikia angalau mara moja, jambo ambalo hukulifanya katika miaka kumi na tisa.

Kobe hawa huishi kutuzidi. Ipo siku binti yako atainama pale akukute wewe, vidole vitano kwenye udongo. Mfundishe sasa, ukiwa hai, namna ya kuumwaga.